Vitumbua Havikuumuka, Lakini Kosa Halikuwa la Mtoto

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii kila mzazi anaijua, na wengi wetu hupenda kuitaja hasa fimbo ikiwa karibu. Walakini liko jambo moja tunalolisahau: samaki hukunjwa, havunjwi. Leo nataka kuwahadithia wasomaji jinsi nilivyokaribia kumvunja samaki wangu mwenyewe kwa ajili ya bakuli moja la mchele uliosagwa, kisha nitoe maoni yangu juu ya watoto wetu na jiko.

Ilikuwa Jumamosi ya Ramadhani. Mjukuu wangu mvulana, mwenye umri wa miaka sita, hakuwa na shule. Alikuwa amefunga mpaka adhuhuri kama watoto wa umri wake wanavyojizoeza, na baada ya kula akanijia jikoni akasema, "Nyanya, leo nataka kupika mimi."

Nikacheka, nikamwambia, "Haya, mume wangu, leo tutakula chako."

Nilimwahidi kwamba tutapika vitumbua, maana jioni ile tulikuwa tumewaalika majirani wa nyumba mbili waje tufuturu pamoja. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo lilipofanyika kosa la kwanza, nalo ni kosa la mtu mzima. Nani amfundishaye mtoto kitu kipya siku ya wageni? Anayemfundisha mtoto kuogelea hampeleki siku ya kwanza kwenye mawimbi ya kusi.

Kazi ilianza vizuri. Mchele ulikuwa umerowekwa tangu usiku. Yeye akauosha na kuuchuja, mimi nikausaga kwa mashine. Akatwanga iliki katika kinu kidogo mpaka nyumba nzima ikanukia. Sukari akaipima yeye, hamira akainyunyiza yeye. Likabaki tui. Nazi nilikuwa nimeikuna jana yake, na kasimile yake ilikuwa imelala katika friji, imeganda kama siagi. Nikaitia katika sufuria ndogo nikaibandika motoni ipate joto, kwani tui baridi huchelewesha unga kuumuka. Nikazubaa kidogo, likapata moto kupita kiasi. Mara nikasikia hodi mlangoni. Nikaipua sufuria upesi, nikaiweka juu ya meza, nikamwambia mtoto huku nakwenda zangu, "Ngoja tui liwe vuguvugu, kisha ulitie."

Alikuwa jirani mmoja, amekuja kuazima sinia. Mazungumzo ya mlangoni yanajulikana. Hayana urefu ila hayaishi. Niliporudi nikakuta kazi imekwisha. Sufuria tupu, bakuli limejaa, na mpishi amesimama juu ya kigoda anakoroga kwa mikono miwili, uso wake unang'aa.

Nilipolishika bakuli nikajua. Lilikuwa la moto. Mchele ulikuwa umeshikana mabonge mabonge kama uji uliokosa mwenyewe.

"Umetia tui la moto?"

"La, Nyanya. Lilikuwa vuguvugu."

"Nani aliyekwambia hiyo ndiyo vuguvugu?"

Akanyamaza.

Nikafunika bakuli nikitumaini. Alasiri ikafika, hakuna povu hata moja. Nikabandika chuma nikakaanga vivyo hivyo, vikatoka bapa, nje vimekauka na ndani vinanata kama gundi. Saa ya magharibi ilikuwa inakaribia, na saumu nayo ilikuwa imenifikisha pale inapomfikisha mtu asiyeilinda. Nikamgeukia mtoto nikasema, mbele ya mama yake na dada zake, "Toka jikoni! Umetuharibia futari yetu."

Akatoka. Wageni wakaja. Tulikuwa na tende, uji, sambusa, viazi vya nazi na mikate iliyoletwa na majirani wenyewe. Watu walikula wakashiba wakamshukuru Mungu, na hapana hata mmoja aliyeuliza, "Vitumbua viko wapi?" Futari haikuharibika. Kilichoharibika kilikuwa kimekaa chumba cha pili, hakitaki kula.

Siku ya tatu mama yake alimtuma amletee mwiko kutoka jikoni. Akasimama kizingitini asiingie. Akasema, "Mtume mwingine. Mimi huharibu."

Enyi mnaoijua lugha yetu, lipimeni neno hilo. Hakusema "niliharibu." Lau angalisema "niliharibu" ningalicheka, kwa kuwa hilo ni jambo la siku moja na limepita. Alisema "huharibu." Herufi mbili tu zimegeuza tukio likawa tabia. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameshajihukumu maisha, na hakimu aliyempa hukumu hiyo ni mimi.

Basi nikakaa nikafanya hesabu, na kila nilipohesabu nilikuta deni liko upande wangu.

Kwanza, neno "vuguvugu." Hebu tujiulize, vuguvugu ni nini? Mimi ninajua, kwa sababu vidole vyangu vimetumbukia katika tui, maji na maziwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Maarifa hayo yako katika vidole, hayako katika neno. Na lugha ya jiko letu la pwani imejaa maneno ya namna hiyo. Tunasema tia chumvi ya kiasi. Tunasema kanda mpaka ulainike, koroga mpaka uwe mzito wa wastani, acha wali mpaka ukauke vizuri. Kiasi gani? Wastani wa nani? Haya ni maneno ya mtu anayemwambia mwenziwe ajuaye. Ukimwambia asiyejua, umempa kibuyu kitupu ukamwambia anywe. Mjukuu wangu alilitii neno langu. Alingoja, kisha akaona kwa akili yake kwamba muda umetosha. Mimi ndiye niliyempa kipimo kisichopimika.

Pili, hamira. Sikuwahi kumweleza kuwa hamira ni kitu gani, na pengine si wengi miongoni mwetu tunaoeleza. Hamira si kama chumvi. Ni viumbe hai wadogo mno wasioonekana kwa macho, jamii ya kuvu. Mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, ndiye aliyethibitisha katika miaka ya 1850 na 1860 kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Viumbe hao hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayouumua unga na kuvipa vitumbua matundu yake. Hupenda joto la kadiri, karibu na joto la mwili wetu. Joto likifika nyuzi 55 au 60 za Selsiasi hufa, na akifa hafufuki hata ungoje mpaka alasiri ya pili. Na mchele uliosagwa nao, ukimwagiwa tui la moto, huanza kuiva pale pale katika bakuli. Ndiyo maana ukafanya mabonge. Mambo haya mtoto angeyaelewa. Mtoto wa miaka sita akiambiwa kuwa ndani ya bakuli mna vijidudu vinavyokula sukari na kupumua, atavilinda kuliko mtu mzima.

Tatu, na hili ndilo lililoniondolea usingizi. Mimi nilikasirika kwa ajili ya mchele. Kumbe nilimwacha mtoto wa miaka sita peke yake, juu ya kigoda, na sufuria ya tui lililotoka motoni. Ameinyanyua kwa mikono yake midogo akaimimina. Laiti mkono ungalitetemeka, lile tui lingalimwagikia kifuani. Siku ile nilipaswa kusujudu kwa shukrani kwamba tui lilimwagika bakulini. Badala yake nikapiga kelele kwamba limemwagika bakulini!

Najua baadhi ya wasomaji watasema, "Ndiyo maana tunawafukuza watoto jikoni. Jiko ni moto." Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Majumbani mwetu jiko la makaa aghalabu hukaa chini, sawasawa na kifua cha mtoto, na mafuta ya mahamri yakiruka hayachagui. Wahenga wana methali nyingine isemayo mwana akililia wembe mpe. Mimi siifuati methali hiyo jikoni. Wembe hapewi. Lakini kati ya kumpa wembe na kumfukuza nyumbani pana nafasi kubwa sana. Mtoto wa miaka sita aweza kuchambua mchele, kuosha, kutwanga iliki, kupima sukari, kuchuja tui, kukoroga kilichopoa na kuhesabu vitumbua. Moto, mafuta na kisu ni vya mkubwa, na mkubwa haondoki. Hodi ikibishwa, ama mtoto huondoka naye, ama mgeni hungoja.

Na maadam tumeugusa moto, tuukamilishe. Mtoto akiungua, mpelekeni upesi kwenye maji safi ya baridi ya bomba, yamtiririkie palipoungua kwa muda wa dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi, na akiwa ameungua vibaya apelekwe hospitali. Si barafu, si dawa ya meno, si unga, si yai. Vitu hivyo tumevipaka miaka mingi kwa nia njema, na nia njema haiponyi kidonda.

Wengine watasema, "Mtoto wa kiume na vitumbua wapi na wapi?" Hao nawaomba watembee Mombasa jioni. Wauza mishikaki na viazi karai wengi ni wanaume. Wapishi wa pilau za harusi, wanaosimama mbele ya masufuria makubwa ya kulisha mtaa mzima, ni wanaume. Mabaharia waliosafiri kwa majahazi walipikiwa na nani katikati ya bahari? Na aliye bora kuliko sisi sote, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba akiwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Mvulana anayejua kupika hapungukiwi na kitu. Hupungukiwa yule anayelala na njaa kwa kuwa mkewe mgonjwa.

Wako pia watakaosema kwamba kuwaachia watoto chakula wakichezee ni israfu. Ni kweli kwamba israfu ni haramu. Lakini dawa ya israfu ni kipimo. Mfundishe mtoto kwa kikombe kimoja cha mchele, si kwa kilo mbili za wageni. Kikombe kimoja kikiharibika, hiyo ni karo, tena karo nafuu kuliko zote tunazolipa. Mbona daftari lililojaa makosa ya hesabu hatuliiti israfu ya karatasi?

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa katika shule zetu mwaka 2017, unataka mtoto atende kwa mikono yake. Hilo ni jema. Lakini sote tumewaona wazazi wanaokesha usiku wakimtengenezea mtoto kazi aliyopewa na mwalimu, ili asubuhi ipendeze. Mzazi huyo na mimi niliyesema "toka jikoni" ni ndugu wa tumbo moja. Sote wawili tumependa kitu kizuri kuliko mtoto. Yeye amemnyang'anya kosa kabla halijatokea, mimi nimempiga nalo baada ya kutokea. Kwa vyovyote vile mtoto hakujifunza.

Nasema haya kwa sababu mapishi yetu hayakuhifadhiwa vitabuni. Ukienda kusini mwa India utakuta chuma chenye vishimo kama chuma chetu cha vitumbua, nao hupikia vijikate vyao vya mchele wanavyoviita paniyaram. Bahari moja, mikono mingi. Elimu hii imepita kutoka mkono hadi mkono, mama akimshika mwanawe kidole na kukitia katika bakuli. Siku hizi vijana huambiwa watazame katika simu, na kweli simu zina mafunzo mengi mazuri. Lakini simu huonyesha picha, haipimi joto. Wala siwalaumu wanaonunua vitumbua barabarani. Wanawake wanaovikaanga pale alfajiri wanasomesha watoto kwa chuma kile. Ila nao walifunzwa na mtu. Tukimfukuza kila mtoto anayeharibu bakuli la kwanza, atatoka wapi wa kukaanga la elfu?

Nikamkumbuka Anas bin Malik. Alikuwa mtoto wa miaka kama kumi alipopelekwa na mama yake kumtumikia Mtume, akamtumikia miaka kumi. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba katika muda wote huo hakuwahi kuambiwa hata "ah!", wala kuulizwa kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Hadithi hii tunaisikia kila mwaka darasani, tunatikisa vichwa, kisha tunarudi nyumbani na ndimi zetu vile vile. Miaka kumi! Mimi sikuweza alasiri moja.

Basi nikafanya jambo ambalo wazee wa makamo yangu hatulizoei. Nikamwita mjukuu wangu, nikamketisha, nikamwomba radhi. Nikamwambia kwamba tui lilipata moto kwa kuzubaa kwangu, kwamba sikumwonyesha vuguvugu ni nini, na kwamba neno nililolisema halikuwa la haki. Akaniangalia kwa mshangao. Kisha akauliza, "Kwa hivyo wewe pia huharibu?"

Nikamjibu, "Niliharibu. Na wewe uliharibu. Hakuna anayehuharibu hapa." Sarufi yangu ilikuwa mbovu lakini alinielewa.

Wiki iliyofuata, siku isiyo na wageni, tukapima kikombe kimoja cha mchele. Safari hii sikutaja neno vuguvugu. Nyumbani tuna kichanga, dada yake mdogo, na kila jioni yeye ndiye anayechukua taulo mama yake akimwogesha. Nikamwita asubuhi ile aguse maji ya kumwogeshea mtoto, baada ya mama yake kuyapima kwa kiwiko. Nikamwambia, "Yashike kwa kidole chako, uyakumbuke." Adhuhuri, tui lilipokuwa limepoa nami nimesimama pale pale, akachovya kidole kilichooshwa, akafikiri, akasema, "Bado. Mtoto atalia." Tukangoja. Akachovya tena. "Sasa. Sasa ni kama maji ya mtoto."

Kipimo hicho hakiko katika kitabu chochote nilichosoma, lakini sijapata kusikia kilicho bora zaidi. Na amekitoa yule yule niliyemwambia atoke.

Vitumbua viliumuka. Sitasema vilikuwa vizuri kuliko vyote. Duru ya kwanza iliganda chumani, na vitatu viliungua upande mmoja kwa kuwa mimi nilikuwa naongea. Vizima vilikuwa tisa. Akavitia katika sahani, akaifunika kwa kawa, akampelekea yule jirani wa sinia kabla ya magharibi. Aliporudi aliingia jikoni moja kwa moja bila kusimama kizingitini.

Wazazi wenzangu, maji yakimwagika hayazoleki, na neno nalo ni hivyo. Mchele ulioharibika gharama yake inajulikana dukani. Neno "toka" gharama yake hulipwa baada ya miaka ishirini, nyumba ikiwa na jiko zuri la gesi, vyombo vinavyong'aa, na hapana mtu ajuaye kuumua unga. Kabla ya kumlaumu mtoto, tujiulize kwanza: je, nilimwonyesha au nilimwambia tu? Nilikuwapo au nilikuwa mlangoni? Nilichagua siku yake au siku ya wageni wangu? Nadhani wengi wetu tukijibu kwa haki tutaona kwamba bakuli liliharibika kabla mtoto hajaligusa.

Kwa hivyo wekeni kigoda jikoni, mbali na moto. Pimeni kikombe kimoja. Na likitokea la kutokea, zungumzeni na mtoto kwa kitenzi cha jana, wala si kwa kitenzi cha siku zote.